Vanishi ya Jumatano

Watu wa Kamanga walimwita Mchina mpaka siku tuliyomzika. Fundi aliyetengeneza msalaba wake alinifuata, penseli sikioni, akaniuliza, "Dada, huyu Mchina wenu tumwandikeje?" Nikamwambia marehemu alikuwa Mjapani, na kwamba alikuwa anaishi hapa kabla fundi mwenyewe hajazaliwa. Akasema, "Si ndio hao hao." Nilimnyang'anya ule msalaba nikaandika jina mwenyewe, kwa sababu kuandika herufi ndiyo kazi iliyonilea. Mzee hakuwa hata Mkristo. Lakini akina mama wa jumuiya walisema mtu hazikwi hivi hivi kama mbuzi aliyekufa njiani, na mimi sikuwa na nguvu za kubishana na mtu.

Jina lake silitaji hapa. Miaka yote aliyoishi kwetu halikumsaidia kitu, na langu nalo halina kazi katika habari hii.

Mimi nilikuwa mwandishi wa vibao Igoma. Saluni, maduka ya dawa, gereji, bucha, mitumbwi ya wavuvi yenye majina ya wake zao na aya za Biblia, vyote hivyo vilipita mkononi mwangu. Kazi nilifundishwa na baba, na baba aliniachia sheria moja tu: kibao kisichopakwa vanishi hakijaisha. Herufi ukiikosea mteja anaweza kukusamehe, lakini jua la Mwanza na mvua zake havina msamaha. Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango. Mtu anaingia asubuhi na picha kwenye simu, mchana anatoka na bango lenye sura yake mwenyewe akicheka. Haukupita mwaka nikawa nakaa na makopo yangu kama mlinzi wa nyumba isiyo na kitu. Walioniita fundi wakaacha. Ukiishiwa kazi watu hawakutukani, wanaacha tu kukuita.

Yeye alinikuta katika hali hiyo. Alikuja kutafuta vipande vya plaiwudi, akasimama kwenye kibao cha zamani cha bucha nilichokiandika mimi, akakitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani anaumwa. Alikuwa mfupi, mkavu, kofia ya majani kichwani, suruali imefungwa kwa kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba, fundi. Mstari huu uliupiga bila rula?" Nikasema ndiyo. Akasema njoo Kamanga, ng'ambo ya ziwa, nina kazi ya mikono.

Alivyozungumza nitamwandika kwa Kiswahili cha shule, ingawa herufi r na l alizichanganya vibaya sana. Kwa kuwa nusu ya watu wa kanda yetu wanazichanganya vilevile, hakuna aliyeshtuka. Wengine walidhani Kiswahili alijifunzia Magu.

Maisha yake niliyapata kwa vipande, leo neno, mwezi ujao neno jingine. Alizaliwa katika mji wa pwani huko kwao, akasomea uchoraji wa kale wa nchi yake, ule unaotumia rangi za mawe yaliyosagwa. Akiwa kijana alikuja Tanzania kufundisha michoro ya ufundi kwa miaka miwili. Miaka miwili ikaisha, wenzake wakapanda ndege, yeye akabaki. Kilichombakiza ni mawe. Sisi tuliozaliwa katikati ya majabali haya tunayaona ni usumbufu wa kujenga, yeye aliyaona akasahau kwao. Alinunua kibanja juu ya ziwa upande wa Kamanga, akajenga vyumba viwili na stoo, akaanza kuchora.

Na hakuna aliyezitaka picha zake. Hilo nililijua mapema kuliko yote, na liliniudhi kana kwamba ni mimi niliyekataliwa. Kila mwaka alituma picha moja kwao kwenye maonyesho makubwa, na kila mwaka ilirudi na barua ya adabu. Walisema ameondoka mno katika njia ya walimu wake. Hapa kwetu wenye hoteli walizitazama wakauliza, twiga yuko wapi? Mmasai yuko wapi? Mbona jua si jekundu? Hoteli moja ya mjini ilichukua mbili, ikazitundika kwenye ujia wa kuelekea chooni. Alinipeleka kuziona. Alisimama pale na heshima zake zote, watu wakimpita huku wakifunga vifungo, akaniambia, "Mwanga wa hapa si mbaya." Ningekuwa na nyundo siku ile ningevunja kitu.

Alichora ufukwe tu. Majabali, ukungu wa asubuhi, dagaa walioanikwa, na zaidi ya vyote yangeyange, wale ndege weupe wanaosimama kwenye maji wakisubiri samaki. Yangeyange wake ungeweza kusema watakupiga kwa bawa.

Kazi yangu ilikuwa kusaga. Siku tatu kwa wiki nilivuka kwa kivuko, nikapiga magoti kwenye jiwe kama bibi yangu alivyosaga ulezi, nikasaga mawe mekundu, ya kijivu, ya kijani. Weupe aliutoa kwenye makombe ya konokono yanayotupwa na mawimbi, yale ambayo wenzetu wanayauza kwa chakula cha kuku. Ulisaga, ukaosha, ukaanika, ukasaga tena, mpaka ukawa laini kuliko poda ya mtoto. Gundi alipika kwa bondo, yaani kile kibofu cha hewa cha sangara. Mwanza nzima inajua bondo ni mali, wanunuzi wanaligombania kulipeleka nje, kwa hiyo minong'ono haikukosa: Mchina wa Kamanga anafanya biashara ya kificho. Kumbe mzee wa watu alinunua yale yaliyochanika, akayaloweka, akayachemsha kwa moto mdogo usiotokota, akachanganya na unga wa mawe. Ndiyo rangi yake hiyo. Jiwe, kombe na samaki.

Miaka tisa nilifanya hivyo, na katika miaka tisa hakunieleza jambo lolote. Neno lake lilikuwa "Tazama." Nikikosea alimwaga nilichosaga, akasema, "Tazama," akasaga yeye. Kwa nini gundi isitokote? Tazama. Kwa nini weupe unawekwa mwisho? Tazama. Hayo maswali nayaandika leo, lakini sikuwahi kuyauliza. Mimi nimelelewa na mama wa Kisukuma ambaye kumwuliza mkubwa "kwa nini" ilikuwa ni kumtafuta kofi. Mkubwa akifanya jambo, analijua. Wewe funga mdomo ujifunze. Basi yeye kwa desturi za kwao hakusema, na mimi kwa desturi za kwetu sikuuliza, tukaelewana vizuri sana. Watu walisifu jinsi tulivyoelewana.

Sasa nije kwenye wiki yenyewe.

Ilifika barua kutoka kwao. Nyumba kubwa ya kuhifadhi picha, katika mji aliozaliwa, ilikuwa imesikia habari zake kwa mtu aliyepita hapa. Watu wawili wangekuja Jumamosi kuziona picha, na wakizikubali wangezichukua zikae huko daima, na jina lake ukutani. Alinisomea barua ile mara tatu, akiigeuza kwa Kiswahili neno kwa neno. Alikuwa amepita miaka sabini na mitano, jicho moja limeanza mtoto wa jicho. Hapakuwa na barua nyingine itakayokuja, na wote wawili tulijua hivyo. Jumatatu akaanguka kwenye mawe akichota maji, presha. Tukamvusha mpaka hospitali ya mjini.

Jumanne nilimkuta kitandani, dripu mkononi. Akaniambia, "Zitoe stoo. Zifute vumbi kwa unyoya, uzipange. Ijumaa wananiruhusu."

Niseme ukweli hapa. Alisema nifute vumbi kwa unyoya. Nilimsikia vizuri, na hakuna siku nitakayojitetea kwamba sikuelewa.

Picha zilizobaki, pamoja na zile mbili zilizorudishwa na hoteli, zilikuwa kumi na mbili. Jumatano asubuhi nilizitoa, nikazipanga ukutani, nikazifuta. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu nikazitazama kwa jicho la baba yangu. Zilikuwa kavu. Hazing'ai popote, zimelala kama ukuta wa chokaa. Nikawaza, watu wanapanda ndege, wanavuka ziwa, waje waone kazi iliyoachwa njiani? Miaka yote nilidhani ana siku yake ya kuzimalizia. Sasa siku imefika na yeye yuko kitandani, na nani mwingine anajua kupaka vanishi isiache alama kama siyo mimi? Kwenye mkoba wangu nilikuwa na kopo zima, lililobaki kwenye kazi ya mtumbwi.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikulikubali moyoni mpaka muda mrefu baadaye. Mawe yale nilisaga mimi. Moto wa gundi nilichochea mimi. Na kwenye picha zote kumi na mbili hapakuwa na sehemu hata kama kucha ambapo ningeweza kuweka kidole nikasema, hapa ni mkono wangu. Nilitaka sehemu.

Nikapaka. Na Mungu anisamehe, mwanzoni ilikuwa nzuri. Jiwe likilowa si linazinduka? Mekundu yaliiva, majani yakawa mabichi, ziwa likapata kina. Nilikwenda picha hadi picha, brashi ikiteleza. Nilipomaliza ya kumi na mbili nikageuka kuangalia ya kwanza.

Yangeyange hawakuwepo. Palikuwa na maji, mawe, na sehemu yenye rangi ya mbao mahali walipokuwa wamesimama. Nikaenda ya pili. Ukungu umeondoka, yamebaki majabali matupu. Dagaa wote wamezima. Unga wa makombe ukinywa mafuta ya vanishi hubaki kama kioo, unaona kilicho nyuma yake. Weupe wote ulikuwa unayeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Nilichukua kitambaa nikafuta, nikatoka na jani la mti na kipande cha jabali juu ya kitambaa, ndipo nikaacha. Nikakaa chini, nikawatazama ndege wa mwisho wakiisha.

Ijumaa nilikwenda kumchukua. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia hospitalini, nikasema hapana, kwenye kivuko. Kwenye kivuko, mtu yule ambaye kwa miaka tisa nilimhesabia maneno, akaanza kuongea. Alikuwa na furaha. Alinieleza habari za mwalimu wake, aliyemfanya aoshe brashi miaka minne kabla ya kumruhusu kugusa gundi. "Nilimchukia," akasema. "Alipokufa nikagundua kila ninachojua nimemwibia kwa macho. Kitu ulichokiiba kwa macho hakitoki." Akanigusa mkono. "Wewe umeiba vingi, fundi. Kesho uvae vizuri. Nitawaambia wewe ni nani." Nilitazama maji mpaka tukafika. Ningekuwa na ubinadamu ningemwambia pale pale. Nilimwacha afurahi kwa dakika zile, nikajiambia ni huruma, lakini ulikuwa woga.

Harufu ilimpokea mlangoni. Akasema, "Vanishi." Hakuuliza. Akaingia, akazipita moja moja, uso karibu na ubao kwa sababu ya lile jicho. Kwenye ile ya yangeyange saba alisimama. Nilingoja kelele. Nilizihitaji, angenitukana ningepona. Akainamisha kichwa pembeni, kama mteja anayekagua kibao, akasema, "Hakuna alama ya brashi."

Hapo ndipo nilipopandwa na wazimu. Mimi, mwenye kosa, nikampigia kelele mzee aliyetoka hospitali. "Kwa nini hukuniambia? Miaka tisa! Kwa nini hukuniambia kwamba hazipakwi?"

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo sijalisamehe. Alikuwa kama mtu anayetaka kujua kweli. "Kwa nini hukuuliza?"

Akavua shati la hospitali, akaomba gundi. Mchana kutwa alijaribu kuwarudisha yangeyange juu ya vanishi. Niliona mkono wake ukimchora ndege kwa mapigo manne, kama zamani, mzima, mweupe, anapumua. Ndege alikaa mpaka alipokauka. Kisha akapasuka katikati, akabanduka, akadondoka. Gundi ya bondo haishiki kwenye vanishi. Alimchora tena. Akadondoka tena. Nilichukua ufagio nikafagia, maana sikujua mikono yangu niifanyie nini.

Jumamosi walikuja, mwanamume na mwanamke, wazee wa heshima, wamevaa glavu nyeupe. Waliletwa na dada mmoja wa kwao anayefundisha hesabu kwa kujitolea mjini, Kiswahili chake kizuri. Wageni waliinama, sisi tukainama. Walizunguka kwa saa nzima. Yule mama alinusa picha moja, akamtazama mwenzake. Basi, ikawa imeisha, ingawa tulikunywa soda na kula karanga kana kwamba kuna kilichobaki cha kusubiri.

Kabla hawajaondoka mzee alisimama akazungumza kwa lugha yao, kwa muda mrefu, mikono imebana mapajani. Katikati ya maneno akanionyesha mimi. Wageni wakanigeukia wote wawili, wakainama mpaka chini. Uso uliniwaka moto. Nikajua ameshanishtaki, na kwamba kwao hata anayekuharibia unamwinamia. Moyoni nikasema, sawa, sasa tumelingana. Nilimchukia kwa raha kabisa, kama mtu anayekuna upele.

Waliondoka mikono mitupu.

Aliishi miezi mitano baada ya hapo. Niliendelea kuvuka siku tatu kwa wiki, nikampikia uji, nikamsomea maelezo ya dawa zake. Picha hakuchora tena. Siku nyingine alianza kunieleza mambo, kwa nini gundi isitokote, kwa nini weupe uwekwe mwisho, na mimi nikajifanya nina haraka ya kuwahi kivuko. Sikutaka kufundishwa na mtu aliyenisema kwa wageni. Hivyo ndivyo nilivyotumia miezi ile mitano.

Siku ya maziko yule dada wa hesabu alikuja. Tulikaa pembeni kwenye jabali, akanipa pole, akasema, "Mzee alikuwa na roho ya pekee. Siku ile alijilaumu mpaka niliona vigumu kusikiliza."

"Alijilaumu kwa lipi?"

"Vanishi. Aliwaambia aliipaka mwenyewe. Kwamba uzee umemla akili, akasahau hata alichofundishwa akiwa kijana. Akawaomba radhi kwa kuwasafirisha bure."

Nikamwuliza, "Na mimi? Alinionyesha kidole."

"Alisema wewe ndiye mchoraji aliyebaki. Alisema ungekuwepo siku ile, ungemzuia."

Nasema hivi nikijua nitaonekana mbaya: sikumshukuru, na mpaka leo sijamshukuru. Nani alimtuma? Mtu yule alikuwa na kitu kimoja tu duniani, kwamba anaijua kazi yake. Hakuwa na fedha wala mke wala ukuta wa kutundika jina. Alikichukua kitu hicho akanifunika nacho, mimi ambaye jina langu halikuwa linaulizwa na mtu yeyote ng'ambo ya Igoma. Na huko kwao, kwa wale wawili waliopata kumjua, amebaki mzee aliyechanganyikiwa akaharibu kazi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Dada yule nilimwambia ukweli pale pale kwenye jabali. Alinishika bega kwa huruma, akasema, "Usijibebeshe, mama. Msiba unatufanya tuseme mengi." Hakuniamini. Mzee alikuwa ameshanitangulia kusema, na neno lake lilikuwa la mwalimu.

Kwa hiyo naandika. Mzee alikuwa na akili timamu mpaka siku ya mwisho, na hakuna alichosahau. Siku ya vanishi alikuwa kitandani hospitalini, ng'ambo ya maji, akihesabu siku za kuruhusiwa. Vanishi niliipaka mimi, Jumatano asubuhi, na nilikuwa naimba.